Kaka Namba Moja: jinsi Saloth Sar alivyotawala bila kujulikana

Hapa Lubumbashi, mtu wa umri wangu akisikia neno dikteta, kinachomjia kwanza ni kofia ya ngozi ya chui. Mobutu tulimwona kila siku, tupende tusipende: kwenye noti, kwenye beji vifuani mwa wakubwa, na kwenye televisheni kabla ya habari, akishuka kutoka mawinguni. Majina yake marefu tuliyakariri. Ndiyo maana kila nikifika kwenye somo la Kambodia, wanafunzi huduwaa. Nchi itawaliweje na mtu ambaye raia hawajui hata anaitwa nani?

Ninachotafiti mimi ni vyama vya siri vilivyogeuka kuwa serikali, na katika hivyo vyote sijaona kilichoshika siri kwa ukaidi kama Khmer Rouge, wakomunisti wa Kambodia. Wengi huichukulia siri ile kama wazimu wa mtu mmoja, Pol Pot, jina la baadaye la Saloth Sar. Mimi naona haikuwa wazimu. Ndiyo iliyompandisha, na ndiyo aliyotawala nayo.

Tarehe 17 Aprili 1975 wapiganaji wake, wengi wao vijana wa vijijini wenye nguo nyeusi, waliingia mji mkuu, Phnom Penh. Siku hiyohiyo wakaanza kuwatoa watu wote mjini, karibu milioni 2, hata wagonjwa waliokuwa vitandani hospitalini. Waliambiwa ni siku mbili tatu tu, kwamba Wamarekani wanakuja kupiga mabomu. Hawakurudishwa. Amri ilitoka kwa nani? Kwa Angkar, yaani Shirika. Angkar imeamua, Angkar inataka, Angkar ina macho mengi kama nanasi: ndivyo makada walivyosema, na hakuna aliyetaja jina la mtu. Fedha ilifutwa, masoko na shule vikafungwa, baadaye hata kupika nyumbani kukakatazwa na watu wakala katika majiko ya pamoja. Yote kwa jina la kitu kisicho na sura.

Nyuma ya kitu hicho alikuwepo mtu, na maisha yake ya mwanzo hayatishi hata kidogo.

Saloth Sar alizaliwa mwaka 1925 (karatasi nyingine zinasema 1928) katika kijiji cha Prek Sbauv, mkoa wa Kampong Thom. Baba yake alikuwa na mashamba na ng'ombe. Kwa kipimo cha kijiji walikuwa watu wenye nacho. Tena walikuwa na mlango wa ikulu. Binamu yake Meak alikuwa katika kundi la wacheza ngoma wa mfalme na akawa mmoja wa wanawake wa mfalme Monivong. Dada yake Roeung naye akachukuliwa na mfalme huyohuyo. Kaka yake Suong akapata kazi ya ukarani palepale. Mtoto Sar akapelekwa mji mkuu, akakaa muda katika monasteri ya Kibudha, kisha akaingia shule ya msingi ya Wakatoliki, École Miche. Mwaka 1976, alipotangazwa waziri mkuu chini ya jina la Pol Pot, taifa liliambiwa kwamba ni mwakilishi wa wafanyakazi wa mashamba ya mpira. Hajawahi kugema mpira huyo.

Masomoni hakung'ara. Kwa lugha ya huku kwetu, hakuwa mtu wa asilimia 80 kwenye mtihani wa Serikali. Lycée Sisowath, shule iliyokuwa ikitoa wakubwa wa nchi, ilimshinda, akahamia shule ya ufundi kujifunza useremala. Mwaka 1949 alipata bursi ya kwenda Ufaransa kusomea ufundi wa redio. Paris akakutana na Wakambodia wenzake waliokuwa wakisoma maandishi ya kikomunisti, akajiunga na chama cha kikomunisti cha Ufaransa, mitihani akaiacha iende zake, bursi ikakatwa. Januari 1953 alirudi nyumbani bila diploma.

Wenzake wa Paris, au waliomfuata huko, walikuwa watu wa vitabu. Khieu Samphan na Hou Yuon walirudi na shahada za udaktari. Ieng Sary alikuwa msemaji, mpenda mijadala. Sar alikuwa yule anayekaa pembeni, anacheka kwa upole, anasikiliza. Kwa hiyo watu wa vitabu wakaingia kwenye mwanga: Khieu Samphan, Hou Yuon na Hu Nim walikaa bungeni na serikalini chini ya mwanamfalme Sihanouk, mtawala wa nchi, magazeti yakiwataja na polisi wakiwafuata kwa karibu. Sar akawa mwalimu wa shule binafsi, Chamraon Vichea, akifundisha historia na fasihi ya Kifaransa. Waliosoma kwake wamesimulia miaka mingi baadaye: mwalimu mpole, nadhifu, asiyepandisha sauti, anayekariri mashairi ya Verlaine kwa kichwa. Mwaka 1956 alimwoa Khieu Ponnary, naye mwalimu. Jioni alifanya kazi ya chama cha siri cha wakomunisti wa Kambodia.

Septemba 1960, wakati huku Tshombe alikuwa ameshatangaza Katanga kujitenga, watu wapatao ishirini walijificha katika jengo la stesheni ya reli ya Phnom Penh wakaunda upya chama chao. Sisi wa mji wa reli tunaelewa kwa nini stesheni: watu wanaingia na kutoka na mizigo, hakuna anayeuliza. Katibu akawa Tou Samouth, wa pili Nuon Chea, na Saloth Sar nafasi ya tatu. Miaka miwili na nusu baadaye alikuwa wa kwanza, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo, maana kupanda kwake hakufanani na kupanda kwa wakubwa tuliowazoea.

Hakupindua mtu, wala hakutoa hotuba iliyowasha umati. Viti vilikuwa wazi tu. Kwanza Sieu Heng, aliyesimamia chama vijijini, aligeuka na kuwauza wenzake kwa serikali. Mitandao ya vijijini ikasambaratika karibu yote. Kisha Julai 1962 Tou Samouth alitekwa na hakuonekana tena. Wapo wanaomshuku Sar mwenyewe, lakini naona mkono wa polisi wa serikali unaonekana zaidi pale. Akabaki Nuon Chea, ila yeye alikuwa na undugu wa ndoa na msaliti Sieu Heng, na katika chama cha siri doa la namna hiyo halifutiki. Februari 1963 mkutano wa siri ukamweka Sar kuwa katibu. Muda mfupi baadaye Sihanouk alitangaza orodha ya watu 34 wa mrengo wa kushoto, na jina la mwalimu Saloth Sar lilikuwemo. Akatorokea msituni, kwenye kambi iliyolindwa na Wavietnam karibu na mpaka. Polisi walijua wamemkosa mwalimu mmoja mkorofi. Kwamba alikuwa mkuu wa chama, hawakujua.

Somo alilojifunza katika miaka hiyo linaeleweka, na ukilifikiria kwa utulivu lina mantiki yake: anayeonekana anakamatwa, anayejulikana anauzwa. Akawa na majina ya kubadilisha: Pouk, Pol, namba 87, Kaka Namba Moja. Mwaka 1967 Khieu Samphan na wenzake walipokimbilia msituni, Phnom Penh iliamini Sihanouk amewaua, na walipojitokeza tena watu wakawaita mizimu. Hiyo nayo ilimfaa Sar. Ulimwengu ulipouliza nani anaongoza waasi, jibu lilikuwa tayari: Khieu Samphan, daktari wa uchumi. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Ushindi haukuletwa na siri peke yake. Machi 1970 jenerali Lon Nol alimpindua Sihanouk, na mwanamfalme huyo, kwa hasira, akaungana na walewale aliokuwa akiwawinda. Wakulima wengi waliingia msituni kumpigania mfalme wao. Hawakuwa na habari na Marx. Ndege za Marekani nazo zilimwaga takriban nusu milioni ya tani za mabomu hadi Agosti 1973, na kila kijiji kilichoungua kiliongeza vijana wenye uchungu. Bila mambo hayo mawili, naamini Sar angezeekea kichakani.

Chama kilichojifunza kuishi gizani kwa kuogopa polisi kilipokuwa chenyewe polisi, kilipaswa kutoka nje. Hakikutoka. Siku chache baada ya ushindi Sar aliingia mji uliobaki mtupu na kuweka makao ya muda kwenye stesheni ileile ya reli, kimyakimya, bila gwaride. Zaidi ya miaka miwili ilipita kabla ya kutangaza kwamba Angkar ni chama cha kikomunisti: alisema hivyo Septemba 1977, katika hotuba ya saa tano, akaondoka kwenda Beijing, na ni picha za ziara hiyo zilizowawezesha wachambuzi wa nje kuthibitisha kwamba Pol Pot ni yule mwalimu Saloth Sar. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1976, ilitangazwa kwamba amejiuzulu uwaziri mkuu kwa sababu za afya. Hakuwa amejiuzulu. Baada ya muda akarudi kana kwamba hakuna kitu.

Kaka yake Suong, yule karani wa ikulu, alikuwa amefukuzwa mjini kama wengine na kupelekwa kulima. Mwaka 1978 picha ya kiongozi ilibandikwa kwenye jiko la pamoja alikokula. Akainua macho, akamkuta mdogo wake aliyemlea nyumbani kwake Phnom Penh. Kaka mwingine, Chhay, alikuwa amekufa katika msafara wa kutolewa mjini. Wanafunzi wangu hubisha sana hapa: huku kwetu mkubwa akipata cheo, ukoo mzima unahamia kwake kesho yake. Mobutu alijulikana kwa kulisha watu wake. Huyu hakulisha hata ndugu, na wapo Wakambodia waliomsifu kwa hilo kama dalili ya usafi. Mimi silioni kuwa sifa. Kwa mtu aliyetaka kuwa hana historia, ndugu ni mashahidi.

Sasa madhara ya utawala wa siri. Mpango wa miaka 4 ulidai tani 3 za mpunga kwa hekta, kiasi ambacho mashamba mengi ya nchi ile hayakuwa yakitoa hata wakati wa amani. Viongozi wa kanda waliogopa kusema haiwezekani, wakaandika kwamba imewezekana, mchele ukabebwa kwa hesabu ya karatasi, na waliolima wakafa njaa. Kiongozi anayejulikana angeweza kulaumiwa, au angalau kutembelewa na mtu akamwambia ukweli. Angkar haikosei. Kwa hiyo pakikosekana mchele, kuna adui amejificha ndani, na chama kilichoishi kwa kujificha kilikuwa tayari kuamini hivyo kuliko chama chochote.

Adui huyo alitafutwa S-21, iliyokuwa shule ya sekondari huko Tuol Sleng, Phnom Penh, chini ya Duch, mwalimu wa zamani wa hesabu. Zaidi ya watu 12,000 walipita humo, na wengi wao walikuwa makada wa Khmer Rouge wenyewe na familia zao. Walipigwa mpaka wakaandika kwamba ni majasusi wa CIA, wa KGB, wa Vietnam, pengine wa wote watatu kwa pamoja. Hu Nim aliishia humo. So Phim, mkuu wa Kanda ya Mashariki, alijiua mwaka 1978 baada ya kuelewa kwamba zamu yake imefika. Hesabu ya nchi nzima kwa miaka ile isiyofika 4 ni kati ya milioni 1.5 na milioni 2 waliokufa, kwa njaa, maradhi, kazi na kuuawa, katika watu karibu milioni 8.

Mwishoni hata yeye alianza kutaka sura. Mwaka 1978 picha na sanamu zake zilianza kutengenezwa, na waliozitengeneza walikuwa wafungwa wa S-21; mchoraji Vann Nath aliachwa hai kwa sababu alijua kumchora. Kazi hiyo haikufika mbali. Wavietnam walivamia tarehe 25 Desemba 1978 na kuingia Phnom Penh tarehe 7 Januari 1979.

Kilichofuata, wenzetu wa Goma na Bukavu wanakijua bila kufundishwa. Jeshi lililoshindwa, mikono yake ikiwa na damu ya halaiki, lilivuka mpaka pamoja na maelfu ya raia wenye njaa, likaketi katikati yao kwenye kambi za Thailand, na chakula cha wakimbizi kikalilisha. Kilichotokea Kivu mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kilikuwa kimeshatokea kule miaka 15 kabla. Tena Khmer Rouge waliendelea kushikilia kiti cha Kambodia Umoja wa Mataifa, kwa kuwa China na Marekani zilimchukia zaidi Mvietnam. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba Pol Pot amestaafu. Tangazo hilo nalo lilikuwa kama lile la 1976.

Watu wake mwenyewe ndio waliomgeuka, Juni 1997, alipoamuru Son Sen, rafiki wa tangu Paris, auawe na familia yake. Mobutu alikuwa amekimbia Kinshasa mwezi mmoja tu kabla. Julai, kwenye ngome yao ya Anlong Veng, mzee Pol Pot alikalishwa kwenye kiti mbele ya umati uliopiga kelele za kumlaani, akahukumiwa kifungo cha nyumbani cha maisha. Miezi michache baadaye alimwambia mwandishi Nate Thayer kwamba dhamiri yake ni safi. Alikufa tarehe 15 Aprili 1998, akachomwa juu ya matairi na takataka.

Duch alionekana mwaka 1999, akiishi kwa jina jingine, akiwa ameokoka na kuwa Mkristo. Mahakama iliyoundwa na Kambodia pamoja na Umoja wa Mataifa ilimhukumu mwaka 2010, na kwenye rufaa, mwaka 2012, akapewa maisha. Alikuwa amekimbia Januari 1979 bila kuchoma maelfu ya karatasi za S-21: picha za wafungwa, maungamo yao, na pembeni mwa maungamo hayo mwandiko wake mwenyewe, akiagiza nani ahojiwe zaidi na nani amalizwe.