Jina la kijiji halibani mada

Nasimamia tasnifu za uzamili, na kichwa ninacholetewa mara kwa mara ni cha namna hii: "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa mwani Zanzibar." Nikimwambia mwanafunzi mada ni pana mno, anarudi na "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa mwani: Uchunguzi kifani wa Paje." Anaamini kazi ya kubana imekwisha.

Eneo limepungua kweli, lakini swali bado halijazaliwa. Athari zimebaki zote: za kipato, za afya, za zao lenyewe, za malezi ya watoto. Tabianchi nayo imebaki nzima, na joto lake, mvua zake na pepo zake. Akifika Paje na dodoso lake atauliza kila kitu, kwa sababu hana sababu ya kuacha chochote. Atarudi na majedwali tele, na hakuna hata moja litakalokuwa jibu, kwa kuwa hakuna kilichoulizwa.

Ninachowasisitizia wanafunzi wangu ni kutafuta mahali ambapo mambo mawili yanayojulikana hayapatani. Ukipapata hapo, mada inajibana yenyewe. Shida ni kwamba hapaonekani mpaka uwe umeisoma mada vya kutosha, na ndiyo maana simruhusu mtu aandike swali kabla hajasoma.

Tukae na mwani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1989, kwenye vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina zinazolimwa ni mbili, spinosamu na kotonii. Zote hukaushwa na kusafirishwa nje, zikatolewa karajinani, ile dutu ya kugandisha na kuzitia uzito bidhaa kama vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Karajinani ya kotonii hugandisha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo bei yake iko juu kuliko ya spinosamu. Wakulima walio wengi ni wanawake: wanachomeka vijiti kwenye maji mafupi, wanatandaza kamba, wanafunga vipando kwa tai-tai, yaani vipande vya kamba nyembamba ya plastiki, na baada ya wiki sita hivi wanavuna.

Sasa tazama. Kotonii ina bei nzuri, ilhali mashamba ya pwani ya mashariki ya Unguja yamejaa spinosamu. Hapo mambo hayapatani, na mwanafunzi akipaona hufurahi sana, akataka kuandika swali lake siku hiyohiyo. Namzuia. Jibu lake limeshapatikana. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii imekuwa ikifa: maji mafupi hupata joto kali bahari inapokupwa, matawi hugeuka meupe, kisha hukatika na kupotea. Spinosamu huvumilia. Kuuliza tena kwa nini wakulima waliihama kotonii ni kutumia mwaka mzima kuthibitisha kilichokwisha thibitishwa.

Lakini soma kidogo mbele. Watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, wamefanya majaribio ya kuipeleka kotonii kwenye kina kirefu zaidi, kwa kamba zinazoelea au kwa nyavu za mviringo, kwenye maji yasiyopata joto kiasi kile. Inamea. Mmea wenye bei nzuri unamea huko, na bado wanawake wengi wamebaki na spinosamu kwenye maji mafupi. Hapa ndipo ninapomwambia mwanafunzi akae.

Nikimwuliza kwa nini anadhani iko hivyo, hunitajia sababu kadhaa bila kusita. Wengi hawajui kuogelea. Hawana vyombo. Kazi ya kina kirefu huonekana ni ya wanaume. Gharama ya nyavu hairudi. Wapo pengine waliojaribu, mawimbi ya kusi yakawaharibia. Namwambia aziandike zote, kisha kila moja aiandikie ni kitu gani akikiona kule kijijini kitamwonyesha kwamba sababu hiyo si ya kweli. Zoezi hili nalithamini kuliko jingine lolote. Kama ni vyombo, basi wenye ndugu wenye mashua wangekuwa wamehamia kina kirefu. Wakiwa hawajahamia, sababu hiyo inadhoofika. Sababu isiyoweza kushindwa na chochote utakachokikuta haina nafasi kwenye utafiti wako, hata kama unaipenda.

Baada ya hapo swali huandikika: "Miongoni mwa wanawake waliowahi kulima kotonii, ni nini kinachowatenganisha waliohamia kina kirefu na waliobaki na spinosamu?" Halina neno athari, wala mchango, wala changamoto. Maneno hayo matatu nayakata kwa kalamu nyekundu kila ninapoyakuta kwenye kichwa cha pendekezo, kwa kuwa kila moja linaruhusu jibu lolote. Vilevile hakuna "serikali ifanye nini". Hayo yana sura yake ya mapendekezo mwishoni, baada ya jibu kupatikana.

Na sasa tu ndipo jina la kijiji linaingia. Swali linadai makundi mawili yalinganishwe, hivyo tunatafuta kijiji chenye makundi yote mawili. Ikiwa Paje kundi la pili halipo, tunaondoka Paje. Tunaweza kuvuka kwenda Pemba, inakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar na ambako kuna mahali kotonii iliendelea kupatikana.

Kuna anayebana kupita kiasi akafika kwenye "ni wanawake wangapi wa kijiji fulani wanalima spinosamu?" Hiyo ni hesabu ya asubuhi moja. Namrudisha nyuma hatua moja tu, kwenye kile kilichomfanya atake kuwahesabu.

Swali lililobanwa vizuri hupanga hata safari. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali na wakulima wako mashambani. Nenda ukaone nani analima wapi na kwa kamba gani, bila dodoso mkononi. Wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana, wengi wako nyumbani, ndipo pa kubisha hodi, kuamkia na kukaa kwa mazungumzo marefu. Anza na watu wachache kabla ya kuchapa dodoso. Huenda mama wa kwanza akakwambia kwamba mnunuzi ndiye anayempa kamba na tai-tai, na kwa hiyo analima kile mnunuzi anachokitaka. Ukisikia hivyo, iongeze kwenye orodha yako ya sababu, iandikie kitakachoiangusha, na unipigie simu jioni hiyohiyo tuliandike swali upya.