Bei Inapovuka Mpaka: Dhana Potofu Kuhusu Ukusanyaji wa Bei Barani Afrika

Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi 10 za kwanza kulinganishwa katika Mpango wa Ulinganisho wa Kimataifa, unaolinganisha bei na uchumi wa nchi mbalimbali, mwaka wa rejea ukiwa 1970. Tangu mzunguko wa 2005, ulioshirikisha nchi 48 za Afrika, upande wa bara hili unaratibiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwaka 2016 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliufanya mpango huu kuwa wa kudumu, na matokeo ya mzunguko wa 2021 yalitoka Mei 2024. Kila ofisi ya taifa ya takwimu hupeleka wadadisi madukani na masokoni, bei hukaguliwa nchini, kisha hupelekwa kwa mratibu wa kanda na kukaguliwa upya zikiwa kando ya bei za nchi nyingine. Hapo ndipo vinapopatikana viwango vya nguvu ya ununuzi, yaani kiasi cha fedha ya kila nchi kinachonunua bidhaa zile zile. Hivyo ndivyo vinavyotumika kulinganisha uchumi wa nchi, na hata kuweka mstari wa umaskini wa kimataifa, uliokuwa dola 2.15 kwa siku kwa bei za 2017 na sasa ni dola 3.00 kwa bei za 2021. Familia huhesabiwa maskini au haihesabiwi kutokana na jinsi bei ya mchele, ya nauli na ya chumba ilivyoandikwa. Ndiyo maana dhana zifuatazo zina madhara.

Dhana: “Kiwango cha kubadilisha fedha kinatosha”

Nchi 14 za Afrika zinatumia faranga ya CFA, nane za Magharibi na sita za Kati, na pande zote mbili euro moja ni faranga 655.957. Kama kiwango cha fedha kingetosha, basi kodi ya chumba, kunyoa nywele na sahani ya chakula mgahawani vingekuwa na bei moja Niamey (Niger) na Libreville (Gabon). Sivyo ilivyo. Kiwango cha fedha husukumwa zaidi na bidhaa zinazovuka mpaka na mitaji inayoingia na kutoka, ilhali sehemu kubwa ya matumizi ya watu ni huduma zisizosafirishwa. Ukigawanya nguvu ya ununuzi kwa kiwango cha fedha na kuzidisha kwa 100 unapata kiwango cha bei cha nchi, na hicho hukipati bila kwenda sokoni.

Dhana: “Fahirisi ya bei za walaji ipo tayari, tuwatumie hiyo hiyo”

Fahirisi inafuatilia badiliko la bei katika muda: bidhaa ile ile, duka lile lile, mwezi hadi mwezi. Nchi moja inaweza kufuatilia sabuni ya mche na nyingine sabuni ya kipande kilichofungwa, na zote mbili zikawa zimefanya kazi sahihi. Kinachopungua ni kufanana kwa bidhaa kati ya nchi na nchi.

Hata hivyo, kuendesha tafiti mbili zisizosalimiana ni kuchosha wadadisi na wenye maduka. Njia inayofanya kazi ni kupitia orodha ya fahirisi mstari kwa mstari na kutia alama bidhaa zinazotimiza maelezo ya kanda, halafu kuongeza zile zinazokosekana tu. Mdadisi auingie mlango wa duka mara moja.

Kuna mtego mmoja hapa. Fahirisi za nchi kadhaa huegemea mijini, wakati ulinganisho unataka wastani wa taifa zima kwa mwaka mzima. Chukua mfano: mji mkuu umetoa bei 60 zenye wastani wa 120, vijijini zimetoka bei 20 zenye wastani wa 90. Ukizijumlisha zote na kugawanya kwa 80 unapata 112.5. Lakini kama asilimia 60 ya matumizi ya bidhaa hiyo yako vijijini, wastani wa taifa ni 102. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 imezaliwa na mgawanyo wa wadadisi peke yake, na hakuna ukaguzi wa bei moja moja utakaoiona.

Dhana: “Mchele ni mchele”

Hapa ndipo kazi inapofia mara nyingi. Maelezo ya bidhaa yanapaswa kutaja kila kitu kinachobadilisha bei: aina, kiwango cha usindikaji, ufungaji, kipimo cha chini na cha juu, jina la kiwandani au bila jina. Kwa mchele, asilimia ya chenga ni sifa inayopanga bei. Senegal watu wengi wanapendelea mchele wa chenga, kwa hiyo si mchele wa “hali ya chini” kama unavyotazamwa kwingine. Orodha husafiri kutoka lugha moja hadi nyingine. Neno moja likidondoka katika tafsiri, nchi nzima inakusanya bei ya kitu kingine kwa nidhamu kubwa. Katalogi ya picha inazuia mengi ya makosa hayo. Picha iwe na rula au kitu kinachojulikana ukubwa kando ya bidhaa, na kwa vitu vilivyofungwa, upande wa lebo wenye uzito usomeke.

Nyama: yenye mfupa au steki? Mayai: 10, dazeni, au trei ya 30? Bia: chupa ya mililita 500 ya Afrika Mashariki si chupa ya mililita 650 ya Cameroon, na kugawanya tu kwa lita hakumalizi tatizo, kwa sababu kifungashio kikubwa kwa kawaida huwa na bei nafuu kwa kila kipimo. Gunia la kilo 25 lisiingizwe kama “kilo moja mara 25” pale maelezo yanaposema kilo 1 hadi 2.

Kisha kuna fungu. Vitunguu, nyanya na viazi vya sokoni huuzwa kwa fungu, na mdadisi mwenye haraka huandika “gramu 500” kwa kukadiria. Utaratibu sahihi ni kununua mafungu matatu ya bei moja kwa wauzaji watatu na kuyapima kwa mizani ya kidijitali, ukitoa kwanza uzito wa chombo. Tuseme kila fungu ni 100, na mizani inasoma gramu 412, 455 na 390. Jumla ni 300 kwa kilo 1.257, yaani karibu 239 kwa kilo. Aliyekadiria gramu 500 ataandika 200, na amekosea kwa asilimia 16 kwenda chini. Upimaji urudiwe kila msimu, kwa sababu mavuno yakipungua bei ya fungu mara nyingi hubaki ile ile na fungu ndilo linalopungua.

Kwa nafaka za kopo na debe, andika kama kipimo kimesawazishwa au kimejazwa hadi kilele. Nyongeza ambayo muuzaji humpa kila mteja ipimwe pamoja na mzigo. Na pale bei inapopatanwa, inayoandikwa ni ile iliyolipwa, si ile iliyotajwa kwanza. Mdadisi mzuri husimama kando dakika chache akiangalia wateja wengine wanalipa ngapi.

Dhana: “Nchi nzuri ni ile iliyojaza orodha yote”

Teff, nafaka ndogo, ni chakula cha kila siku Ethiopia, na gari, yaani chembechembe za muhogo uliokaangwa, ni ya kila siku Afrika Magharibi. Ukimlazimisha mdadisi wa Lagos kutafuta teff, ataipata katika duka la bidhaa adimu kwa bei ya bidhaa adimu, na nchi yake itaonekana ghali kuliko ilivyo. Nchi inaweka bei ya kile kinachopatikana, halafu inakitia alama kama ni muhimu au si muhimu katika matumizi ya watu wake. Katika ukokotoaji, bidhaa muhimu hupewa uzito wa 3 na isiyo muhimu 1. Kwa hiyo alama hiyo si urembo wa fomu. Ofisi inayotia “muhimu” kwenye kila mstari imefuta taarifa ambayo hesabu nzima inaitegemea.

Dhana: “Kishikwambi kimemaliza makosa”

Kishikwambi kinaondoa kosa la kunakili mara ya pili, kinaweka saa na mahali, kinaruhusu picha. Ila mipaka migumu ya bei ni hatari. Programu ikikataa chochote kilicho juu ya 150, mdadisi aliyeona 165 atajifunza kuandika 150, na kuanzia siku hiyo data itaonekana safi kuliko soko lenyewe. Weka onyo linaloomba sababu, lisilofunga njia.

Dhana: “Bei iliyojitenga ni kosa, ifutwe”

Ukaguzi una ngazi mbili, na watu huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni ndani ya nchi: bei zote za bidhaa moja zinatazamwa pamoja. Vigezo vinavyotumika sana ni viwili: bei ya juu ikizidi ya chini zaidi ya mara mbili, au mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi bei zilivyotawanyika) ukizidi asilimia 20 ya wastani, rudi ukague.

Lakini nchi iliyoweka bei ya basmati mahali pa mchele wa kawaida itapita ngazi hii bila swali. Maduka yake yote yanauza basmati kwa bei zinazokaribiana. Kosa linafichuka ngazi ya pili tu, nchi zinapowekwa pamoja katika majedwali yanayojulikana kwa majina ya Quaranta na Dikhanov. Tuseme aina nne za nafaka zinatoa uwiano wa bei kati ya nchi mbili wa 20, 21, 19 na 22, na ya tano inatoa 45. Hiyo ya tano ndiyo ya kuhojiwa. Katika jedwali la Quaranta, bei ikibadilishwa kwa nguvu ya ununuzi ya kundi lake na kuangukia nje ya 80 hadi 125, wastani wa nchi zote ukiwa 100, hutiwa alama.

Kabla ya kumwandikia yeyote, soma ukubwa wa kosa. Likikaribia mara 2, shuku nusu kilo iliyochukuliwa kuwa kilo. Mara 12 au 30 ni mayai. Mara 1,000 mara nyingi ni gramu na kilo, lakini inaweza pia kuwa sarafu: Zambia iliondoa sifuri tatu mwaka 2013, São Tomé na Príncipe ikafanya vivyo hivyo 2018, na mwaka huo huo Mauritania iliondoa sifuri moja kwenye ouguiya. Yeyote anayelinganisha bei za 2017 na 2021 za nchi hizo mbili za mwisho bila kugeuza sarafu atapata miujiza.

Na wakati mwingine hakuna kosa. Mkate wa ruzuku wa Misri na petroli ya Algeria ni rahisi kwelikweli. Vikifutwa kwa kuwa vimejitenga, nchi inanyang'anywa ukweli wake. Alama nyekundu ni swali linaloulizwa kwa mpangilio: kipimo, kiasi, sarafu, maelezo ya bidhaa, aina ya duka, kisha sera ya serikali. Kama yote yamekaa sawa, bei inabaki na maelezo yanaandikwa kando yake.

Dhana: “Mratibu wa kanda ana data zote, azisahihishe mwenyewe”

Mratibu anaona namba, haoni rafu ya duka. Akibadilisha 45 kuwa 22 kwa sababu 22 inapendeza, amekisia, na ofisi ya nchi inabaki na faili tofauti na la kanda. Kazi yake ni kuuliza. Ofisi ya nchi ndiyo inayorekebisha, kisha majedwali yanaendeshwa upya kwa nchi zote, kwa sababu sahihisho moja husogeza nguvu ya ununuzi ya kundi zima na kuibua alama mpya mahali palipokuwa patulivu. Mizunguko mitatu minne ya namna hiyo ni kawaida, wala si dalili ya uzembe.

Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho wa mwaka umechelewa. Bei za Januari zikihojiwa Novemba, muuzaji amehama, mdadisi amesahau, na mkataba wake pengine umekwisha. Robo mwaka ikifungwa, ukaguzi wa ndani umalizike katika wiki mbili tatu, na maswali ya kanda yarudi kabla ya robo inayofuata kuanza, ili mdadisi apite duka lile lile akiwa na swali mkononi. Kila rekebisho liwe na mstari wake: namba ya bidhaa, duka, tarehe, bei ya awali, bei mpya, sababu, na nani ameidhinisha. Bei ya awali haifutwi kamwe. Sababu iandikwe kwa maneno kamili, kwa mfano “kipimo kilikuwa gramu 500, kimepimwa upya”. “Imesahihishwa” pekee haimsaidii atakayelifungua faili hilo katika mzunguko ujao.