Chenso inapopiga teke: maswali na majibu kuhusu kinga ya mkono na breki

Wilayani Mufindi, lilipo shamba la miti la serikali la Sao Hill, na kwa wakulima wa misindano na milingoti kule Njombe, chenso ni jembe la kila siku. Ninachokiona mara kwa mara kinaniumiza: mashine nzima, injini safi, lakini kinga ya mbele imeng'olewa au imefungwa kwa waya. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wakataji wenyewe.

Teke la chenso hutokeaje?

Ncha ya bapa, yaani kile chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo, huruka ghafla kwenda juu na kumrudia mkataji. Nusu ya juu ya ncha hiyo ndiyo mahali pa hatari. Hapo mnyororo unakata kona kutoka juu kwenda chini; ukigusa mti, jino hukwama badala ya kukata, na nguvu iliyokuwa ikizungusha mnyororo inalirusha bapa lenyewe. Njiani linakutana na bega, shingo au uso. Mara nyingi kilichoguswa si gogo unalolikata, bali tawi lililo nyuma yake au kisiki kilichofichwa na nyasi.

Mimi nina mikono ya nguvu. Siwezi kuizuia?

Huwezi. Teke linakuwa limekwisha kabla hujajua kwamba limeanza. Mikono inachoweza kufanya ni kulipunguza: shika kwa mikono yote miwili, kidole gumba cha kushoto kikizunguka kishikio cha mbele, simama kidogo kushoto kwa mstari wa bapa, na usikate kitu kilicho juu ya mabega.

Kile kinga cha plastiki mbele ya kishikio si cha kuzuia vijiti tu?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kinazuia vijiti, ndiyo, na kinazuia mkono usiteleze ukagusa mnyororo. Lakini kazi yake kubwa ni kuwa mkono wa breki. Chenso ikiruka, kifundo cha mkono wako wa kushoto kinakisukuma mbele. Ndani, ukanda wa chuma unabana ngoma ya klachi, ile inayozungusha mnyororo, na mnyororo unasimama papo hapo. Kwenye mashine nyingi za sasa kinga hujisukuma chenyewe kwa mshtuko wa teke, hata kama mkono haukukigusa. Kwa hiyo aliyeking'oa ameondoa breki. Ukimwuliza sababu, atakwambia kinasumbua au kilivunjika na spea ni ghali. Naelewa ugumu wa maisha. Hata hivyo, chenso isiyo na kinga hicho isiwashwe.

Nitajuaje kwamba breki yangu ni nzima?

Asubuhi, kabla ya mti wa kwanza, weka mashine chini mahali imara, ishike barabara, iwashe, vuta kitufe cha mafuta mnyororo uzunguke, kisha bila kuachia kishikio inamisha kifundo cha mkono kisukume kinga mbele. Utasikia "ka!" na mnyororo utaganda. Achia mafuta mara moja. Mnyororo ukiendelea kuzunguka, hata kidogo, mashine iende kwa fundi. Mara nyingi ni vumbi la mbao na grisi vilivyojaa kwenye ukanda, na kusafisha kunatosha.

Mnyororo wenyewe una uhusiano na teke?

Mkubwa. Mbele ya kila jino kuna kijino kifupi kinachopima jino lizame kiasi gani. Baadhi ya wanoaji hukisugua kwa tupa hadi kiishe ili chenso "ile" zaidi. Jino likizama kupita kiasi linakwama kirahisi, na teke linakuja. Mnyororo butu au uliolegea nao una hatari yake. Ukinunua mpya, omba uliotengenezwa kupunguza teke.

Na mavazi?

Kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizuia kelele, buti zenye chuma, na suruali maalumu ambayo nyuzi zake huingia kwenye gia ya chenso na kuusimamisha mnyororo. Jinzi haifanyi hivyo, hata ikivaliwa mbili.

Mwenzangu amekatwa. Nifanye nini?

Zima mashine. Bandika kitambaa safi juu ya jeraha na ugandamize kwa nguvu zako zote, bila kufunuafunua kuchungulia. Damu ikiruka kutoka mkononi au mguuni na mgandamizo haujatosha, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kama sentimita 5 hadi 7 kuelekea kiwiliwili, si kwenye kiungo; sokota kwa kijiti hadi damu isimame. Andika saa uliyofunga, na usilegeze njiani. Shingoni usifunge kamwe, gandamiza tu. Usimwagie mafuta ya taa, majivu wala kahawa. Kidole kilichokatika kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingie kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ukae juu ya barafu; kidole kisiguse barafu yenyewe. Hospitalini ulizia pia chanjo ya pepopunda.