Kuchomoa fyuzi si kuondoa usukani wa nyuma

Kwenye gereji za Nyakato hapa Mwanza utaambiwa: gari la Nissan Skyline lenye usukani wa matairi ya nyuma (yaani matairi ya nyuma nayo hukata kona) likianza kuyumba, chomoa fyuzi, kazi imeisha. Hapana jamani, hapo kazi haijaanza.

Mfumo huo, ambao Nissan waliuita HICAS, uliingia kwenye Skyline mwaka 1985. Kwenye toleo la R32, lililotoka 1989, mafuta ya pampu husukuma reki ndogo, yaani fimbo ya kugeuzia matairi, iliyofungwa nyuma chini ya gari, nayo hugeuza matairi kidogo mno, kama digrii moja hivi. Ukichomoa fyuzi unazima umeme tu. Reki ipo palepale, na boljointi zake, yaani viungio vinavyozunguka, zinaendelea kuliwa.

Nilipandisha kwa jeki Skyline moja iliyokuwa inamhangaisha mwenyewe barabara ya Usagara. Fyuzi ilishatolewa zamani. Nikashika tairi la nyuma kwa mikono miwili, upande huu na huu, nikalitikisa: tak, tak, linacheza mkononi. Kwa kasi, mchezo huo mdogo ndio unaokurusha kwenye kona.

Kuondoa kweli ni kushusha reki, kufunga chuma kisichosogea mahali pake pamoja na mikono ya chuma iliyo mizima ya kushikia matairi, na kuziba vizuri njia za mafuta. Kwenye baadhi ya magari usukani wa mbele nao huwa mzito, kwani kompyuta ni ileile. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo, ya matairi yote manne. Mafundi wengi hupima ya mbele tu, na hilo linaniuma sana, maana ya nyuma ndiyo yaliyoguswa.