CD4 ni moja, kloni ni nyingi: soma kibandiko kabla ya kupima

Kwa watu wengi CD4 ni namba tu kwenye kadi ya kliniki. Kwa mtu wa maabara ni protini iliyochomoza kwenye utando wa nje wa seli T saidizi, na haionekani mpaka ishikwe na kingamwili iliyobeba rangi inayong'aa ikipigwa na leza ndani ya saitometa, mashine inayosoma seli mojamoja.

Kingamwili hizo ni za monokloni. Njia ya kuzitengeneza ilitolewa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge: seli B ya panya iliunganishwa na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Kila ukoo wa seli hizo, yaani kloni, hutoa kingamwili ya aina moja, inayoshika sehemu moja tu ya protini, yaani epitopu. Kuanzia mkutano wa Paris wa 1982, kingamwili zinazoshika protini ileile zimewekwa chini ya namba moja ya CD. Hapo ndipo wengi huteleza. CD4 ni jina la protini. Kingamwili yenyewe hujulikana kwa kloni yake: OKT4, SK3, RPA-T4.

Tofauti hiyo inatuhusu sana Waafrika. Baadhi ya watu, wakiwemo wenye asili ya Afrika, wamerithi CD4 ambayo asidi amino ya 240 ni triptofani badala ya arginini. Wenyewe ni wazima, lakini OKT4 haipati pa kushika. Aliyerithi kwa mzazi mmoja husomeka kwa mng'ao wa karibu nusu. Aliyerithi kwa wote wawili huonekana kana kwamba hana CD4 kabisa. Ukikuta CD3 (alama ya seli T zote) ipo, CD8 (alama ya seli T uaji) ni ya kawaida, na CD4 ni sifuri, rudia kwa SK3 au RPA-T4 kabla hujaandika lolote kuhusu upungufu wa kinga. SK3 nayo ina lake: hushika pale pale panapojishikiza gp120, protini ya nje ya VVU, hivyo gp120 ikiwa kwenye jaribio itaizuia. OKT4 haisumbuliwi na hilo.

Upimaji wenyewe si mgumu. Chukua mikrolita 100 za damu iliyohifadhiwa kwa EDTA (kemikali ya kuzuia isigande), weka kingamwili, acha gizani dakika 20 kwenye joto la chumba, yeyusha seli nyekundu, kisha osha kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) yenye asilimia 2 ya seramu ya ndama, ukizungusha kwa nguvu ya 300 g (mara 300 ya mvutano wa dunia) dakika 5. Kiasi cha kingamwili usikibahatishe: anza na mikrogramu 1 kwa seli milioni moja, punguza nusu kwa nusu kwenye mirija 8, uchague pale seli zenye protini zinapoachana zaidi na zisizo nayo. Ikizidi, hata seli zisizohusika hung'aa.

Monositi, aina ya seli nyeupe za damu, huharibu hesabu mara mbili: zina CD4 hafifu, na vipokezi vyao vya Fc (mkia wa kingamwili) hunasa kingamwili yoyote ipitayo. Weka kizuizi cha Fc kwanza, na hesabu CD4 ndani ya seli zenye CD3 tu. Seli zilizokufa nazo hunata ovyo. Zitenge kwa rangi ya uhai, inayotofautisha seli hai na zilizokufa.

Kingamwili yenye rangi haigandishwi. Ihifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. PE-Cy7, rangi mbili zilizounganishwa, ikikaa mwangani huvunjika, PE ikabaki inang'aa peke yake, nawe ukahesabu seli ambazo hazipo.