Si kila aliyelizwa na mvua ana wasiwasi wa tabianchi

Neno limeshafika redioni, na limefika likiwa limepinda. Mama anasimulia mafuriko yalivyomzolea kitanda, magunia ya mahindi na vyeti vya watoto, mtangazaji anahitimisha: "Msikilizaji, huo ndio wasiwasi wa tabianchi." Siku nyingine ni mfugaji aliyemaliziwa ng'ombe na ukame, naye anabandikwa jina hilohilo. Kisha anakuja mwanafunzi wa chuo asiyepata usingizi kwa kuiwaza dunia ya 2050. Kati ya hao watatu, jina linamkaa huyo wa mwisho tu.

Maana yenyewe ni fupi. Wasiwasi wa tabianchi ni hofu ya kudumu juu ya madhara yanayotarajiwa kuletwa na mabadiliko ya tabianchi, yakupate wewe au wanao. Ripoti ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ya 2017 iliielezea kuwa hofu sugu ya maangamizi ya mazingira. Haihesabiwi kuwa ugonjwa: haimo katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, wala katika DSM-5 wanayoitumia madaktari wa akili wa Marekani. Kuogopa jambo la kuogopwa ni akili timamu. Hofu ikishamnyima mtu usingizi, chakula na kazi kwa wiki kadhaa, hapo akamwone mtaalamu, kama angefanya kwa hofu nyingine yoyote.

Kinachoniudhi ni kuchanganya nyakati. Wasiwasi hutazama jambo ambalo bado halijafika. Mfugaji wa Simanjiro, mkoani Manyara, Tanzania, aliyeburuta mizoga mwanzoni mwa 2022, baada ya mvua za vuli kugoma, haogopi kwamba ng'ombe watakufa. Wamekufa. Na wamekwenda na mahari ya kijana wake, ada ya binti, na ile heshima ya kuketi na wazee wenzake akazungumza habari za zizi lake. Hayo ni majonzi. Watafiti Ashlee Cunsolo na Neville Ellis waliyaandikia mwaka 2018, wakiwaangalia Wainuit, wenyeji wa asili wa Labrador, Kanada, ambao barafu ya bahari waliyozoea kusafiria inazidi kuwa nyembamba, na wakulima wa ngano wa Australia Magharibi wanaotazama udongo wa mashamba yao ukipeperushwa. Ubaya wa majonzi haya ni kwamba hayana matanga. Ukifiwa na mtu, majirani wanakuja, mkeka unatandikwa, chai inachemshwa. Ukifiwa na zizi unaulizwa ngozi unauza bei gani.

Kiwewe nacho ni kingine. Alfajiri ya 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, na kuua watu zaidi ya 80. Aliyeokoka pale, akiwa sasa anatoka jasho kila mvua inapoanza kupiga bati, hana habari na 2050. Mwili wake bado uko kwenye ile alfajiri.

Halafu kuna hisia ya nne, ambayo ndiyo hasa inayomezwa na neno hili. Mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, aliiita solastalgia, baada ya kuzungumza na watu wa bonde la Hunter ambao machimbo ya wazi ya makaa ya mawe na ukame vilikuwa vimegeuza nchi yao mbele ya macho yao. Anayewatamani wa kwao akiwa ugenini tunamfahamu. Huyu hajahama, yuko kwao, ila kwao ndiko kumemhama.

Nenda Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, utaikuta. Wanawake wa huko wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yakipwa wanashuka na kamba zao na vigingi. Ule wa bei nzuri, cottonii, hauyawezi maji ya moto: shina linageuka jeupe, linalainika, linakatika, na bamvua lijalo mtu anakuta kamba tupu. Wengi wamebaki na spinosum, unaostahimili zaidi na kulipwa kidogo. Wengine wamefundishwa kuogelea ili wakalime kwenye maji ya kina, katika bahari ileile waliyokuwa wakiijua kwa miguu. Nyumba ipo, watoto wapo, hakuna aliyezama. Lakini pwani si ile. Ukimwambia mwanamke huyo ana wasiwasi, umemwambia anaogopa, na yeye haogopi kitu.

Sisemi kwamba wasiwasi ni mambo ya Wazungu, kama wanavyodai mabingwa wa mitandaoni. Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la Lancet Planetary Health uliwauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10. Asilimia 59 walikuwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa kupita kiasi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinawavurugia maisha ya kila siku. Vijana wa Ufilipino, nchi inayopigwa na vimbunga kila mwaka, waliwazidi wa Finland kwa mbali. Kwa Afrika iliulizwa Nijeria peke yake.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua nani aitwe. Mwenye kiwewe anahitaji tiba ya kiwewe. Mwanafunzi wetu huenda akapata nafuu kwa kuzungumza na wenzake na kupata la kufanya. Mfugaji anahitaji ng'ombe, au bima kama ile iliyoanzishwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010, inayolipa kwa kupima ukavu wa malisho kwa satelaiti. Mwite mwenye wasiwasi, utamletea mshauri nasaha amfundishe kuvuta pumzi.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, kabla hujambandika mama wa watu jina, muulize kinachomnyima usingizi ni yaliyokwisha kutokea au ni masika yajayo. Huenda akajibu ni yote mawili, maana aliyezolewa nyumba mwaka huu ana kila sababu ya kuiogopa mvua ya mwakani. Hapo sema yote mawili: ana majonzi, na ana wasiwasi.