Mwili wako haujazoea dawa, waliozoea ni wadudu

Jana tena. Dada kafika dirishani maabara, kopo hata hajapokea, "dokta mi nna UTI sugu, mwili wangu ushazoea dawa, nipeni tu sindano". Kwanza mi sio dokta, mi napima. Pili mwili hauzoei antibayotiki jamani! Wanaozoea ni bakteria, na hao hao wakimwingia jirani yako ambaye hajawahi kumeza hata kidonge, dawa itagoma kwake vile vile.

Nikamuuliza mkojo umeoteshwa lini? Hajawahi. Kapimwa kwa stripu tu (kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo) mara kibao, sasa huo usugu kauona wapi? Stripu haijui dawa gani inafanya kazi. Tukiotesha tunawapaka wadudu wako kwenye sahani, juu tunaweka vijikaratasi vya duara kila kimoja na dawa yake, vinalala. Kesho yake dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara tupu, iliyogoma unakuta wameota mpaka wanagusa karatasi. Zoezi zima siku mbili hadi tatu, na ndo hapo watu wanakimbia wanaenda duka la dawa.

Na hao wadudu wengi ni E. coli, wametoka utumboni mwako mwenyewe. Ile antibayotiki ya sipro uliyomeza siku mbili kwa ajili ya mafua (mafua ni virusi, haikusaidii kitu) iliua walegevu tumboni ikawaacha wagumu wajazane, halafu wanagawiana vinasaba vya ukaidi, hata na bakteria wa aina nyingine. Kwa hiyo UTI yako ya kwanza kabisa maishani inaweza kuwa sugu tayari, na inayojirudia kila baada ya miezi mitatu inaweza isiwe sugu hata kidogo, kujirudia ni kitu kingine.

Mengine fasta. Sindano sio lazima iwe kali kuliko kidonge, kuna E. coli wanaoivunjavunja seftriaksoni ya sindano wakati nitrofurantoini, kidonge cha tangu 1953, bado inawamaliza, ila ni kwa kibofu tu, ukiwa na homa na ubavu unauma hiyo ni figo, nenda hospitali. Choo cha kazini usikisingizie. Madafu kunywa, matamu, ila hayatibu. Usaha kwenye mkojo na hakuna kilichoota? Inaweza kuwa klamidia (ugonjwa wa zinaa), na nyie wa kanda ya ziwa msisahau kichocho. Wadudu wameonekana ila huna dalili yoyote? Kama huna mimba na hufanyiwi upasuaji wa njia ya mkojo, mara nyingi hiyo haitibiwi.

Mkojo uchukue wa katikati (wa mwanzo uache upite), kwenye kopo letu sio chupa ya juisi, ulete ndani ya saa moja maana ukikaa kwenye joto wadudu wanazaana humo humo. Na uje KABLA hujameza dawa yoyote. Dada wa jana alikubali tuoteshe, anaandikishwa jina ndo anakumbuka, asubuhi kameza azithro mbili, antibayotiki zilizobaki za mdogo wake.